Shina la ubongo linasomwa usoni

Mpe mzee shikamoo, kisha sikiliza anavyoitikia. Neno "marahaba" lina kazi nyingi ndani yake. M haitoki mpaka midomo ifungwe, na midomo huamriwa na neva ya 7 ya fuvu, mojawapo ya jozi 12 za neva zitokazo ubongoni. R yataka ncha ya ulimi itetemeke nyuma ya meno ya juu: neva ya 12. H hutoka kooni, kwenye milki ya neva ya 10. Ikija b, midomo hufungwa tena, lakini safari hii kaakaa laini nalo hunyanyuka likaziba njia ya puani. Kaakaa likilegea, pumzi hukimbilia puani, na b ikawa m. Mzee akikuitikia "marahama", hujamgusa, hujawasha tochi, na tayari unajua pa kuanzia kutafuta.

Neva hizo tatu zote huanzia kwenye kipande kimoja cha ubongo chenye urefu wa sentimita 7 hadi 8. Hicho ndicho shina la ubongo. Hulioni kwa nje wala hulipapasi. Limejificha ndani kabisa, mbele ya ubongo mdogo. Lakini hakuna sehemu ya ubongo inayojitangaza usoni mwa mtu kama hii. Ndiyo maana naona kuna kosa katika namna neva za fuvu zinavyofundishwa. Mwanafunzi hukaririshwa majina 12 kwa kufuatana, hufaulu mtihani, kisha akisimama mbele ya mgonjwa hajui amuulize nini. Majina ni rahisi. Kinachomsaidia mgonjwa ni wewe kujua kila neva inakaa ghorofa ipi, upande upi, na jirani zake ni nani. Hasa visiwani petu, Unguja na Pemba, ambako kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, hakiko kila kituo, na mgonjwa huenda akalazimika kuvuka bahari kukifuata.

Ghorofa tatu na gati moja

Ukishika ukosi, pale shingo inapoingia kichwani, kidole chako kiko karibu na tundu kubwa la fuvu, milimita 35 kwa 30 hivi. Uti wa mgongo, yaani ule ugwe laini ulio ndani ya pingili, ukishapita tundu hilo hubadilika jina ukawa medula, sentimita 3. Juu ya medula kuna ponsi, sentimita 2.5, iliyotuna kwa mbele kama tumbo. Juu ya ponsi kuna ubongo wa kati, sentimita 2. Nyuma ya ponsi na medula umeegemea ubongo mdogo, na katikati yao kuna chumba cha nne cha maji ya ubongo. Chumba hicho kikumbuke, tutakirudia, maana ndicho kinachoua watu kimyakimya.

Amri zote zinazoshuka kwenda mikononi na miguuni hupita humu. Habari zote za maumivu, joto, mguso na mkao wa viungo hupanda humu. Ni gati moja ya kisiwa kizima. Humo humo mna chembe zinazopanga mwendo wa pumzi, zinazoshikilia presha, zinazoamua mtu awe macho au alale, na zinazoamrisha kutapika, kumeza na kukohoa. Doa la milimita 5 kwenye ubongo mkubwa linaweza kupita bila mtu kulijua maisha yake yote. Doa kama hilo kwenye ponsi laweza kumlaza mtu asiinuke.

Sasa jambo la msingi kuliko yote. Njia kuu ya amri za mwili huvuka kwenda upande wa pili chini kabisa ya medula. Neva za fuvu, kwa sehemu kubwa, hutoka na kuhudumia upande ule ule zilikozaliwa. Kwa hiyo doa moja kwenye shina, tuseme upande wa kulia, hugonga neva ya kulia ya uso au ya jicho, na papo hapo hukata njia inayokwenda mkono na mguu wa kushoto. Uso huku, mwili kule. Ukiona kupishana huko, umefika shinani. Kiharusi cha ubongo mkubwa hakifanyi hivyo: kwake uso na mkono huanguka upande mmoja.

Mwaka 2005 daktari Peter Gates wa Australia aliandika kanuni ya namba nne, na sijaona njia nyepesi zaidi ya kushika ramani hii. Neva 4 za mwisho, 9 hadi 12, ni za medula. Neva 4 za kati, 5 hadi 8, ni za ponsi. Neva 4 za mwanzo ziko juu ya ponsi; katika hizo, ya 3 na ya 4 ni za ubongo wa kati, na ya 1 na ya 2 hazitoki shinani kabisa. Halafu kuna mstari wa katikati na kuna pembeni. Neva za misuli ambazo namba zake hugawa 12 bila kubaki kitu, yaani 3, 4, 6 na 12, viini vyao, yaani mahali zinapoanzia, viko karibu na mstari wa katikati. Nyinginezo ziko pembeni. Katikati hupita pia njia ya amri za nguvu na njia ya mguso na mkao wa viungo. Pembeni hupita njia ya maumivu na joto, njia ziendazo ubongo mdogo, na nyuzi zinazopanua mboni. Neva ikuambie ghorofa. Njia iliyokatika ikuambie kama ni katikati au pembeni.

Hesabu yenyewe ya 12 haikushuka tayari. Tabibu wa kale Galen alihesabu jozi 7, Thomas Willis mwaka 1664 akahesabu 9, na Samuel Thomas Sömmerring mwaka 1778 ndiye aliyefikisha 12 tunazozitumia hadi leo.

Pua na macho

Neva ya 1 hupimwa kwa harufu laini, pua moja moja, macho yamefumbwa. Kahawa ya unga yafaa, iliki yafaa, asmini yafaa. Karafuu kavu nayo itapita, lakini usitumie mafuta ya karafuu, wala dawa ya kuchua, wala pilipili. Vitu vinavyochoma huamsha neva ya 5, na mtu asiyenusa kabisa atakwambia "naisikia". Mwenye mafua usimpime siku hiyo. Harufu ikipotea ghafla baada ya mtu kuanguka kutoka juu ya mkarafuu, nyuzi za kunusa huenda zimekatika pale zinapopenya kwenye bamba lenye vitundu juu ya pua. Kwa mtu huyo tazama pia kama pua inatoa maji meupe yanayozidi akiinama, kwani hayo yaweza kuwa maji ya ubongo. Usitie pamba puani kuyaziba, wala usipitishe mpira wa kulishia puani.

Macho yana mengi. Anza na mboni katika mwanga hafifu, kisha mulika jicho moja na utazame yote mawili. Mwanga huingia kwa neva ya 2, amri ya kubana hutoka kwa neva ya 3 za pande zote mbili. Ukimulika jicho bovu na mboni zote mbili zikanyamaza, kisha ukimulika zima zote mbili zikabana, tatizo ni la kuona. Mboni moja ikibaki pana popote unapomulika, tatizo ni la neva ya 3 ya upande huo, au kuna dawa iliyotiwa jichoni: uliza.

Nyuzi za kubana mboni hupita juu juu ya neva ya 3, kama uzi uliozungushwa juu ya kamba kwa nje. Kitu kikiigandamiza neva kutoka nje, mfano damu iliyovujia ndani ya fuvu au mshipa uliovimba, mboni hupanuka mapema. Ugonjwa wa sukari huziba mishipa midogo iliyo ndani ya neva, kwa hiyo kope hushuka, jicho huelekea nje na chini, lakini mboni mara nyingi hubaki salama, na hali hiyo kwa kawaida hupona ndani ya miezi mitatu hivi. Mtu aliyegonga kichwa, anayezidi kusinzia, na mboni moja inapanuka, hana saa za kusubiri. Ubongo unasukumwa chini.

Neva ya 4 ni nyembamba kuliko zote na ndiyo pekee inayotokea mgongoni mwa shina. Msuli wake huvuta jicho chini linapotazama puani. Mgonjwa wake huja na kilio maalumu: anaona viwili, kimoja juu ya kingine, na hali huwa mbaya zaidi anaposhuka ngazi. Katika nyumba za Mji Mkongwe, zenye ngazi zilizosimama wima na vidato vyembamba, mtu huyu hushuka akishika ukuta na kichwa kakilaza upande wa jicho zima. Usimpe miwani mipya kabla hujaitazama hiyo shingo iliyopinda.

Neva ya 6 husukuma jicho nje. Ina safari ndefu chini ya ubongo, hivyo shinikizo likipanda popote ndani ya fuvu, huweza kuwa ya kwanza kulia. Mtoto mwenye kutapika asubuhi, kichwa kinachouma akiamka, na jicho lililoingia ndani hastahili kupewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani. Kwa watoto, uvimbe hupenda sana kukaa kwenye ubongo mdogo.

Uso uliopinda

Mtu akiamka asubuhi mdomo umekwenda upande, wengi husema amepigwa na upepo, na safari ya kwanza si ya hospitali. Siwalaumu watu, ni jambo la kutisha na huja ghafla. Lakini swali la kwanza ni moja na halihitaji mashine: paji la uso. Mwambie, "Bi mkubwa, nyanyua nyusi, tazama dari." Sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo mkubwa. Kwa hiyo kiharusi cha ubongo mkubwa huangusha mdomo lakini paji huendelea kukunjika. Paji likiwa laini upande mmoja, jicho halifumbi, na mdomo umeanguka, neva ya 7 yenyewe imeguswa, na mara nyingi hiyo ni hali iitwayo kupooza kwa Bell.

Hapo ndipo wengi hutulia mapema mno. Kiini cha neva ya 7 kimo ndani ya ponsi, na nyuzi zake huzunguka kiini cha neva ya 6 kabla ya kutoka. Doa la ponsi nalo huangusha uso mzima, paji pamoja. Kwa hiyo kabla ya kusema ni Bell, tazama jicho la upande huo kama linakwenda nje, pima nguvu za mkono wa upande wa pili, na umtembeze. Kisha chungulia sikio. Malengelenge sikioni ni virusi vya mkanda wa jeshi. Usaha wa siku nyingi ni sikio bovu linaloila neva mfupani. Yote hayo matibabu yake ni mengine.

Ikiwa kweli ni Bell, dawa ya prednisoloni ianze ndani ya saa 72. Kwa mtu mzima kipimo kinachotumika sana ni miligramu 50 kwa siku kwa siku 10, yaani vidonge 10 vya miligramu 5, asubuhi, baada ya kula. Mwenye sukari apimwe kila siku, maana itapanda. Jicho lisilofumba ndilo linaloharibika kwa uzembe: matone ya kulainisha mchana, marhamu usiku, na kope ifungwe kwa plasta anapolala. Nimeliweka hili wazi kwa sababu uso hurudi kwa wagonjwa wengi, lakini kioo cha jicho kikishapata kovu hakirudi.

Neva ya 5, jirani yake, hupimwa kwa pamba na kitu kikali kidogo: njiti safi ya meno iliyovunjwa yatosha. Pima paji, shavu, kidevu, kulia na kushoto. Kugusa kioo cha jicho kwa ncha ya pamba ni kipimo cha neva mbili: ya 5 huhisi, ya 7 hufumba. Leta pamba kutoka pembeni asiione. Na akifungua kinywa, taya likienda upande, limeelekea upande dhaifu.

Kisunzi, na kipimo kinachodanganya

Neno kisunzi hubeba mambo matatu tofauti: nyumba kuzunguka, moyo kuzimia, na miguu kukosa imani. Mwache mtu aeleze, usimpe maneno. Hapa nazungumzia nyumba inayozunguka.

Sikio la ndani na macho yameunganishwa na njia fupi kupitia shinani: kichwa kikigeuka kulia, macho hugeuka kushoto kwa kiasi kile kile, karibu milisekunde 10 tu baadaye. Bila hiyo usingeweza kusoma bango ukitembea. Mtu aliyeharibiwa sikio la ndani la pande zote mbili na dawa za jentamaisini au streptomaisini hulalamika hivyo hasa: akitembea, dunia inarukaruka.

Kizunguzungu kikimkamata mtu muda mrefu mfululizo, anatapika na hawezi kusimama, kaa mbele yake, shika kichwa kwa mikono miwili, mwambie atazame pua yako, kisha kigeuze ghafla digrii 10 hadi 20 tu. Sikio likiwa bovu, macho hubebwa pamoja na kichwa, halafu huruka kurudi puani kwako. Kwa hiyo kipimo "kibaya" ni habari njema: ugonjwa uko sikioni. Macho yakibaki yameganda puani kwako bila kuruka, na bado mtu huyo nyumba inamzunguka, shaka kiharusi cha shina au ubongo mdogo. Hilo hupinduka kichwani mwa wengi, nami nasisitiza: kwa mtu mwenye kizunguzungu kisichokoma, macho mazuri ni dalili mbaya. Kwa mtu asiye na kizunguzungu wakati huo, kipimo hiki hakina maana. Na kwa aliyeanguka mtini usikifanye kabisa kabla shingo haijathibitishwa salama.

Mambo matatu hukikamilisha. Tazama macho yanayocheza: yakibadili upande wa kurukia kila anapobadili upande wa kutazama, ni ubongo. Kisha ziba jicho moja, hamisha kiganja kwenye jingine, rudia. Jicho linalofunuliwa likishuka au kupanda kutafuta mahali pake, ni shina. Kisha mwambie akae kitandani bila kushika kitu. Wa sikio hukaa kwa taabu. Wa ubongo mdogo huanguka.

Kile kizunguzungu cha sekunde chache mtu akijigeuza kitandani ni kitu kingine, na ni raha kukitibu. Vichembe vya chokaa vimeingia mfereji wa nyuma wa sikio. Ikiwa ni sikio la kulia: aketi kitandani, kichwa kigeuzwe digrii 45 kulia, alazwe haraka kichwa kikining'inia nyuma digrii 20. Macho yatacheza baada ya kukawia sekunde kadhaa, kwa muda usiozidi dakika moja. Subiri sekunde 30 hadi 60. Geuza kichwa digrii 90 kwenda kushoto, subiri tena. Kisha alalie ubavu wa kushoto, uso uelekee sakafuni, subiri. Mnyanyue polepole, kidevu chini. Macho yakicheza papo hapo bila kukawia, yakipiga kuelekea chini, na hayachoki ukirudia, acha: hilo si la chokaa.

Koo, ulimi, na maalim wa chuo

Waliosoma tajwidi, elimu ya kutamka Kurani, wana faida ambayo vitabu vya udaktari havijaitumia. Maalim wa chuo hujua kila herufi inatoka wapi: uwazi wa kinywa, koo, ulimi, midomo, na khaishumu ya puani. Neva zikilegea, huyu hujua kabla ya daktari. Kaakaa likilegea, ghuna, ile sauti ya puani inayostahili nuni na mimu, husambaa kwenye herufi zisizo zake, na hilo ni neva ya 10. Qaf na kaf zikikosa nguvu, nyuma ya ulimi na kaakaa hapakutani. Lam na ra zikiwa nzito, ni ulimi, neva ya 12. Ba na fa zikivuja, ni midomo, neva ya 7. Sauti ikikwaruza na kikohozi kikawa kama cha ng'ombe, bila mshindo, ukano wa sauti mmoja umepooza. Muulize mzee mwenyewe, "Herufi gani inakupa taabu, maalim?" Atakujibu kwa usahihi kuliko kipimo chako.

Mwambie afungue kinywa aseme "aaa". Kimeo huvutwa kwenda upande mzima. Lakini visiwani wako wengi waliokatwa kimeo utotoni, na hapo hakuna cha kutazama katikati: tazama matao mawili ya kaakaa, lile lisilonyanyuka ndilo bovu. Ulimi kinyume chake: ukitolewa nje huelekea upande dhaifu. Neva ya 11 ni mabega na shingo. Kumbuka tu kwamba msuli wa shingo wa kulia hugeuza uso kushoto.

Kumeza kunastahili uzito kuliko vyote hivi. Mgonjwa wa shina mara nyingi hauawi na kiharusi chenyewe, humuua uji. Jamaa kwa mapenzi humlisha akiwa amelala chali, uji huingia mapafuni, siku ya tatu homa. Kwanza awe macho kweli, aketi wima digrii 90. Mpe maji kijiko cha chai kimoja, mililita 5. Tazama koo linapanda. Subiri, mwambie aseme "aaa" tena. Rudia mara tatu. Akikohoa, sauti ikiwa na majimaji, au pumzi ikibadilika, simama hapo hapo: asipewe kitu kinywani, hata kidonge. Wako wanaoingiza maji mapafuni bila kukohoa kabisa, hivyo sauti yenye majimaji usiipuuze.

Ubongo mdogo, kwa kipimo cha bao

Gramu 150 hivi, sehemu ya kumi ya ubongo wote. Lakini utafiti wa Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazil, uliochapishwa 2009, ulihesabu chembe za neva bilioni 86 katika ubongo wa mtu, na bilioni 69 kati ya hizo zimo kwenye ubongo mdogo. Chembe zake kubwa, alizozieleza Jan Purkyně mwaka 1837, kazi yake ni kuzuia. Ubongo mdogo hautoi nguvu. Hupunguza, husawazisha, husimamisha mkono pale unapotakiwa kusimama.

Mtazame mchezaji wa bao. Mashimo 32, kete 64, na mkono hutia moja moja kwa mwendo usiobadilika, macho yako mbele yakihesabu. Ubongo mdogo ukiumia, mkono huo una nguvu zake zote, lakini unapita shimo, unarudi, unapungua, na mtetemeko huzidi kadiri unavyokaribia. Mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinsoni ni kinyume: mkono hutetema ukipumzika pajani na hutulia ukitumwa. Kipimo cha kidole na pua hupima jambo hilo hilo, mradi kidole chako kiwe mbali kiasi cha yeye kunyoosha mkono wote. Wengi huweka karibu mno na kosa halionekani. Kisha apindue kiganja harakaraka juu ya kingine, kama anayegeuza chapati. Upande unaokosea ndio upande wa ugonjwa, kwa kuwa njia za ubongo mdogo huvuka mara mbili.

Katikati ya ubongo mdogo pana sehemu inayoshika kiwiliwili. Hiyo ikiumia peke yake, mgonjwa kitandani ni mzima: kidole kinapiga pua, kisigino kinashuka muundi bila kuyumba. Ukimsimamisha anaanguka. Mtu aliyepimwa akiwa amelala hajapimwa ubongo mdogo.

Na hapa narudi kwenye kile chumba cha nne. Damu ikivuja au kiharusi kikavimba kwenye ubongo mdogo, nafasi ni finyu, mfupa nyuma na shina mbele. Uvimbe wa kiharusi huwa mkubwa kati ya siku ya 2 na ya 5. Chumba kikibanwa, maji ya ubongo hayapiti, shinikizo hupanda, shina husukumwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuja Jumatatu akitapika na kuyumba, akaonekana nafuu Jumanne, akaanza kusinzia Jumatano, hajachoka. Anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyo. Usimtoboe mgongo kuchukua maji: shinikizo la chini likishuka ghafla, ubongo mdogo huteremka kwenye lile tundu la milimita 35. CT ya mapema nayo hukosa mengi hapa, kwa sababu mifupa minene ya chini ya fuvu hutia kivuli.

Mishipa miwili inayolisha eneo hili hupanda ndani ya vitundu vya pingili za shingo, kuanzia ya 6 hadi ya 1. Shingo ikikunjwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa waweza kuchanika na damu ikaganda. Vinyozi wanaomalizia kwa kuvunja shingo ya mteja mpaka ilie, waache, na mteja akatae.

Mshipa huo ukiziba, hutokea hali aliyoieleza Adolf Wallenberg mwaka 1895, nayo hukosewa mno kwa sababu mikono na miguu ina nguvu. Kizunguzungu, kwikwi isiyokoma, sauti imekwaruza, hawezi kumeza, kope imeshuka kidogo na mboni ya upande huo imekuwa ndogo. Uso hausikii baridi upande wa ugonjwa, mwili hausikii upande wa pili. Mgonjwa hugundua akioga. Usipomgusisha kitu baridi pande zote mbili hutajua.

Na yuko yule ambaye sehemu ya mbele ya ponsi imezima. Hasogezi mkono, hasemi, hamezi, watu wamemzunguka wanazungumza juu ya mazishi. Lakini njia ya kutazama juu na chini iko ghorofa ya juu, haijaguswa, na akili yake ni kamili. Kabla ya kusema hajitambui, inama sikioni: "Baba, kama unanisikia, tazama juu." Akitazama, mpe njia ya kusema ndiyo na hapana, na waliomo chumbani wabadili mazungumzo.

Mgonjwa wa kuvushwa bahari kupelekwa hospitali apimwe sukari kwanza. Kidonge cha nifedipini chini ya ulimi kisitumike kuteremsha presha haraka. Kichwa kiinuliwe digrii 30 kama shingo ni salama. Akitapika alale ubavu. Mboni zitazamwe kila nusu saa, na saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho iandikwe juu kabisa. Barua ya kwenda naye inatosha kuwa hivi: "Mzima mara ya mwisho saa 1 asubuhi. Saa 4: yuko macho, anaitika. Mboni kulia milimita 2, kushoto 4, zote zaitika mwanga. Kope ya kulia imeshuka. Uso wa kulia na mwili wa kushoto hausikii baridi. Kaakaa la kulia halinyanyuki. Nguvu sawa pande zote. Akiketi huangukia kulia. Kijiko cha kwanza cha maji: amekohoa. Hajapewa kitu kinywani."